Fundi, Linda Vidole Unapotoa Pini za Kompyuta

Kazi ya kutengeneza kompyuta huonekana kuwa safi na isiyo na hatari. Hata hivyo, ipo shughuli moja ndogo inayoweza kumpeleka fundi kwa daktari akiwa na kidole kilichovimba, nayo ni kutoa pini kutoka kwenye plagi za umeme zilizo ndani ya kompyuta.

Kila waya unaoingia katika plagi hiyo huishia kwenye pini ya chuma. Pini ina mabawa mawili madogo yanayojitanua ndani ya plastiki, mithili ya ncha ya ndoana. Ili itoke, sharti mabawa hayo yabanwe kwanza. Ipo zana maalumu ya kazi hii, lakini fundi asiyekuwa nayo hutumia alichonacho: pini mbili za stepla, mrija wa wino wa kalamu, sindano ya kushonea au hata sindano ya hospitali.

Sindano ya hospitali

Sindano hii hupendwa kwa kuwa ni nyembamba na ngumu. Lakini ncha yake iliundwa ipenye ngozi, na ikiteleza haitachagua. Iliyokwisha kutumika ni hatari zaidi. Usiiokote jalalani wala usiiombe kwa mtu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka.

Ukidungwa na sindano ya namna hiyo, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usifinye, usinyonye, wala usitie dawa ya kung'arishia nguo. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28.

Fanya hivi

1. Chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwani umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Kisha chomoa plagi unayotaka kuishughulikia.

2. Usifungue kamwe lile sanduku la chuma linalogawa umeme. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

3. Laza plagi juu ya meza au uibane kwa koleo. Usiishike kiganjani huku ukisukuma chuma kuelekea mkono wako.

4. Sukuma waya mbele kidogo ili mabawa yalegee. Ingiza pini za stepla kando ya mabawa, yabane, kisha vuta waya polepole kutoka nyuma. Ukigoma, usitumie nguvu. Rudia kuyabana, kwani mkono huteleza pale unapolazimisha.

5. Vaa miwani ya kukinga macho, maana kipande cha chuma kikikatika huruka. Kikiingia jichoni, usisugue wala usikitoe. Funika jicho bila kuligandamiza, uende hospitalini.

6. Kabla ya kurudisha pini, tanua mabawa yake tena. Pini iliyolegea huleta joto na yaweza kuunguza plastiki.

Kidonda kidogo si kitu kidogo

Tundu la pini huziba upesi juu huku uchafu ukibaki ndani. Osha kwa sabuni na maji mengi, kisha uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Chanjo ya utotoni haikingi maisha yote. Kwa kidonda kichafu, huhitajika sindano nyingine ikiwa miaka 5 imepita tangu ile ya mwisho.

Mwone daktari siku hiyo hiyo iwapo kidole kizima kimevimba, kimejikunja, au kinauma sana unapojaribu kukinyoosha. Hizo ni dalili kwamba usaha huenda umeingia katika mfereji wa kano. Ukichelewa, kidole chaweza kukakamaa daima, na fundi asiyeweza kukunja kidole amepoteza zana ambayo haiuzwi katika duka lolote.