Somo la Mfugaji: Bakteria wa Tumbo Wanaoua Ndama, Kondoo na Kuku

Mvua ya masika inapoanza, zizi hujaa matope na banda la kuku huwa na unyevu. Huu ndio wakati ambapo wafugaji wengi wa Njoro, Molo, Bahati, Kuresoi na Rongai huripoti ndama wanaohara na kuku wanaosinzia. Hasara yake si ya siku moja. Ndama jike akifa leo, familia imepoteza ng'ombe ambaye angeanza kukamuliwa baada ya miaka miwili na nusu hivi.

Somo hili linaeleza bakteria wanaoishi katika utumbo wa mifugo, namna wanavyoleta ugonjwa, na hatua ambazo mfugaji anaweza kuchukua kabla na baada ya mnyama kuugua.

Bakteria wa tumbo ni nini?

Utumbo wa kila mnyama una bakteria wengi. Walio wengi ni wa manufaa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawangeweza kupata nguvu kutoka kwa majani bila bakteria wa tumbo la kwanza. Shida hutokea katika hali tatu: bakteria wabaya wanapoingia kutoka nje kupitia kinyesi, maji au chakula, bakteria waliokuwa wachache wanapoongezeka ghafla kwa sababu ya mabadiliko ya lishe, au kinga ya mnyama inapokuwa dhaifu, hasa akiwa mchanga.

Bakteria wawili wanaotajwa sana walitambuliwa mwaka mmoja, 1885. Daktari Theodor Escherich wa Ujerumani alipata E. koli katika kinyesi cha watoto wachanga. Huko Marekani, Theobald Smith, aliyefanya kazi chini ya daktari wa mifugo Daniel Salmon, alipata bakteria katika nguruwe wagonjwa. Bakteria hao ndio walioitwa salmonela kwa jina la mkubwa wake.

Kuhara kwa ndama

Si kila kuhara kunaletwa na bakteria. Umri wa ndama husaidia kukisia chanzo. Katika siku nne za kwanza, mshukiwa mkuu ni E. koli. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mara nyingi ni virusi au vimelea vidogo vinavyoitwa kriptosporidia. Kuanzia wiki ya pili, salmonela huweza kuingia, na hapo kinyesi huwa na harufu kali, pengine na damu, na ndama huwa na homa.

Kinga ya kwanza ni dang'a, yaani maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Ndama huzaliwa bila kinga katika damu yake. Kinga hiyo huipata kwa dang'a peke yake, na ukuta wa utumbo wake huipitisha kwa muda mfupi tu. Saa zikipita uwezo huo hupungua, na baada ya saa 24 huwa umekwisha. Kwa hivyo mpe ndama dang'a kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya saa sita za kwanza. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 anahitaji lita 4. Wa Jersey mwenye kilo 25 anahitaji lita 2 na nusu. Usingoje kondo la nyuma litoke ndipo umkamulie. Kuna wanaomwaga dang'a wakidhani ni maziwa machafu. Huko ni kumnyima ndama chanjo yake ya kwanza.

Pili ni usafi. Mamake azalie mahali pakavu penye matandiko mapya. Kitovu cha ndama kichovywe katika ayodini mara tu anapozaliwa. Kila ndama awe na chumba chake chenye sakafu kavu, na ndoo ya kunyweshea ioshwe kwa maji moto na sabuni kila baada ya kutumika. Wahudumie ndama wazima kwanza, wagonjwa mwisho.

Ndama anayehara huuawa hasa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Vuta ngozi ya shingo kisha uiachilie. Ikikaa imesimama zaidi ya sekunde mbili, au macho yameingia ndani, amepungukiwa sana. Mpe maji ya chumvi na glukosi. Maduka ya dawa za mifugo huuza poda yake. Fuata kipimo cha pakiti. Ukiikosa usiku, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, tia vijiko 5 vya chai vya glukosi na kijiko 1 cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Mpe lita 2, mara mbili au tatu kwa siku, na uendelee kumpa maziwa kwa wakati tofauti. Usitumie sukari ya chai badala ya glukosi. Utumbo wa ndama hauwezi kuisaga, na huenda ikazidisha kuhara. Ndama asiyeweza kusimama au kunyonya anahitaji maji ya mshipani. Mwite daktari wa mifugo mara moja.

Kondoo na mbuzi wanaokufa ghafla

Mfugaji hulala na kondoo wazima, akiamka anakuta mmoja amekufa, tena yule mnene kuliko wote. Mara nyingi huyu ni bakteria aitwaye klostridia. Huishi katika utumbo wa kondoo mwenye afya bila kumdhuru. Mnyama akila ghafla chakula kingi chenye wanga, au majani machanga yaliyochipuka baada ya mvua, bakteria huyu huongezeka haraka na kutoa sumu inayoingia katika damu. Figo hulainika mithili ya uji.

Katika kaunti yetu hatari ni kubwa nyakati mbili: mvua inapoleta nyasi changa, na baada ya mavuno ya mahindi, kondoo wanapofunguliwa shambani na kuokota magunzi yenye punje. Zuia kwa kuwalisha nyasi kavu kabla ya kuwatoa, na kuwaacha shambani kwa muda mfupi siku za kwanza. Chanjo ipo. Mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa hupata dozi mbili, ya pili wiki nne hadi sita baada ya ya kwanza, kisha dozi moja kila mwaka. Kondoo mwenye mimba akichanjwa wiki chache kabla ya kuzaa, kinga humfikia mwanawe kwa dang'a.

Tahadhari: mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari, hasa akitokwa na damu puani, mdomoni au nyuma. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu pia. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru.

Homa ya matumbo ya kuku

Salmonela wa kuku huja kwa sura mbili. Vifaranga wa chini ya wiki tatu hujikunyata karibu na taa, huhara kinyesi cheupe kinachoganda nyuma, na hufa kwa wingi. Kuku wakubwa husinzia, upanga hupauka, kinyesi huwa cha manjano au kijani, na wengine hufa bila dalili. Akipasuliwa, ini huwa limevimba na lina rangi ya shaba.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kuku aliyepona bado hubeba bakteria. Huwatoa katika kinyesi, na huwapitisha hadi ndani ya yai, hata kifaranga akaanguliwa tayari ana ugonjwa. Ndiyo sababu kuku aliyenusurika hafai kutagia mayai ya kuangulia. Nunua vifaranga kutoka kwa kituo kinachoaminika. Chanjo ya homa ya matumbo hutolewa kwa sindano kuku wakiwa na wiki 8. Isichanganywe na ile ya kideri, ambayo ni ya virusi na huanza mapema zaidi.

Wengi huuliza: je, kuku huyu ataniambukiza taifodi? Taifodi ya binadamu huletwa na salmonela mwingine anayeishi kwa binadamu pekee. Hata hivyo, zipo aina za salmonela ambazo hazimuumizi kuku mkubwa lakini humharisha mtu vibaya. Pika nyama na mayai yakaive kabisa.

Mbwa na paka

Mbwa wa boma hupewa matumbo mabichi ya kuku na mizoga ya ndama. Hapo hupata salmonela na bakteria aitwaye kampilobakta, kisha huwaacha uani watoto wanapochezea. Chemsha chakula cha mbwa na paka. Mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina, mbali na kisima. Kijibwa anayehara damu na kutapika mara nyingi ana ugonjwa wa virusi unaoitwa parvo. Huo huzuiwa kwa chanjo.

Bakteria hawa na familia yako

Ng'ombe mwenye afya anaweza kubeba aina ya E. koli inayoharibu figo za mtoto mdogo. Chemsha maziwa, hata yale ya kutengenezea mursik. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kukamua na kabla ya kula. Samadi mbichi isimwagwe juu ya sukumawiki. Ilundikwe na kugeuzwa hadi iive.

Antibiotiki si dawa ya kila kuhara

Antibiotiki haiui virusi. Ikitolewa bila sababu huua bakteria wazuri wa tumbo na kuwaacha wabaya waliozoea dawa. Bakteria hao sugu huweza kufika kwa binadamu. Kwa sababu hiyo Kenya ilitoa mwaka 2017 sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa. Usitie antibiotiki katika maji ya vifaranga "kwa tahadhari". Dawa itolewe kwa ushauri wa daktari au msaidizi aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na imalizwe kwa siku zilizoagizwa. Soma lebo ujue ni siku ngapi maziwa, mayai au nyama havifai kuuzwa wala kuliwa.

Kupeleka sampuli

Maabara ya kanda ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Nakuru. Peleka kuku aliyekufa karibuni, akiwa amefungwa katika mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa penye baridi bila kugandishwa. Kinyesi cha ndama kitiwe katika chupa safi yenye kifuniko, kabla hajapewa antibiotiki. Andika umri wa mnyama, siku alipoanza kuugua, na wangapi wameugua. Afisa wa mifugo wa wadi yako atakuelekeza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dang'a itolewe ndani ya saa sita? Kwa sababu uwezo wa utumbo kupitisha kinga hupungua kila saa.
2. Ndama wa siku kumi anahara. Je, aanze antibiotiki? La. Aanze maji ya chumvi na glukosi. Daktari aamue kuhusu dawa.
3. Kuku wako mmoja amepona homa ya matumbo. Je, mayai yake yaanguliwe? La, hubeba bakteria hadi kwenye yai.
4. Kondoo amekufa ghafla akitokwa na damu puani. Ufanye nini? Usimpasue wala kumla. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite daktari wa mifugo.