Mjomba ndiye mwenye vyombo, na wageni wanaziba masikio

*Shikamoo mzee wetu wa safu hii. Mimi ni binti wa miaka 29, naimba na kupiga gitaa la rithimu kwenye bendi ndogo hapa Morogoro. Tuko saba. Kazi zetu ni harusi, sendofu na sherehe za kuagana za maofisini. Mwenye vyombo ni mjomba wangu, mpiga solo, aliyenifundisha kushika gitaa nikiwa darasa la nne.*

*Mwezi uliopita tulipiga harusini. Baba wa bibi harusi aliposimama kumuusia mwanawe alichukua maiki akamsogelea, mara spika zikapiga ukelele mkali hadi watoto wakalia. Alijaribu mara tatu, mwishowe akaweka maiki mezani akakaa. Baadaye mashangazi waliokuwa karibu na spika wakahama meza. Mwenyekiti wa kamati alikuja mara mbili kutuomba tupunguze sauti. Mjomba alipunguza, wimbo uliofuata akapandisha. Mwisho wa shughuli kamati ikakataa kutupa salio letu, laki nne.*

*Mjomba anasema spika zetu ni ndogo, zinalia kwa kuwa zimezidiwa. Bendi ina akiba ya milioni tatu, naye anataka tununue kubwa zaidi. Wenzangu wamegawanyika. Mimi nahisi tatizo si spika, lakini nitamwambiaje mjomba? Na jingine dogo: nikigusa maiki kwa midomo huku nimeshika gitaa, napigwa shoti kidogo. Mjomba anasema nitazoea.*

*Rithimu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nitaanzia mwishoni mwa barua yako, pale ulipoandika "jingine dogo". Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Usilizoee.

Gitaa lako limeungwa kwenye amplifaya, maiki imeungwa kwenye miksa, na huenda kila kimoja kimechomekwa kwenye soketi yake. Mahali fulani hapo waya wa ardhi haupo au umekatika. Umeme unaovuja unatafuta njia ya kushuka ardhini, na njia hiyo umekuwa wewe: unaingia kwa vidole kwenye nyuzi za chuma na kutokea midomoni. Leo ni mchonyoto. Siku ukiwa na jasho, umesimama kwenye sakafu yenye maji, utakuwa msiba. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, kwa kugusa maiki isiyo na waya wa ardhi.

Nenda ukaangalie plagi za vyombo vyenu, moja moja. Nina hakika utakuta walau moja iliyokatwa pini ya juu, au plagi ya pini mbili ambayo mtu huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie. Nimeiona kalamu hiyo katika kumbi nyingi mno. Mara nyingine pini hukatwa makusudi, kwa sababu spika zilikuwa zinavuma na mtu akagundua kwamba bila pini mvumo unaisha. Ni kweli unaisha, lakini kinga yako imekwenda nayo. Mwiteni fundi umeme apime vyombo vyote na nyaya za kuungia, na vyombo vya jukwaani vilishwe kutoka sehemu moja yenye waya wa ardhi uliopimwa. Mkitumia jenereta, nayo ipimwe kabla ya kuunga chochote.

Sasa tuje kwa ule ukelele. Spika haikulia kwa kuzidiwa. Spika iliyozidiwa hukwaruza, sauti inachanika. Ukelele ule mrefu wa kutoboa masikio ni wa mzunguko: maiki inasikia sauti ya spika, inairudisha kwenye miksa, miksa inaipeleka tena kwa spika ikiwa kubwa zaidi, na kadhalika, kufumba na kufumbua. Mzee wa watu alifanya jambo la kawaida kwa baba yeyote, alimfuata mwanawe. Kwa bahati mbaya njia ya kumfikia ilipita mbele ya spika zenu, na hakuna aliyekuwa amemwonya. Leteni spika kubwa mara tatu, asimame palepale, zitalia palepale, na kwa nguvu zaidi.

Kinachotibu ni mpangilio. Spika za wageni zisimame mbele ya maiki zote, zikiwaelekea wageni, na zipandishwe kwenye stendi zipite juu ya vichwa. Spika iliyowekwa chini au mezani inamchoma shangazi wa meza ya kwanza, na watu wa nyuma hawapati kitu. Maiki za kawaida za kuimbia, mfano wa Shure SM58 ambayo imekuwapo tangu 1966, zimetengenezwa zisikie kwa mbele na zisisikie kwa nyuma. Kwa hiyo monita, ile spika ya kujisikilizia, ikae nyuma ya maiki, pale mkiani. Na muishike kwenye mpini. Vijana wanaokumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja wanaziba matundu yanayoipa uwezo huo, ikishazibwa inasikia pande zote, halafu tunamlaumu fundi.

Wakati wa hotuba zimeni maiki zote za bendi, maana kila iliyo wazi ni sikio jingine linalotafuta spika. Maiki ya wasemaji iwe moja, ya peke yake. Mapema, kabla wageni hawajaingia, mchukue MC kwa mkono umwonyeshe kwa miguu: kuanzia hapa mpaka pale, asisimame mtu na maiki. Atawaongoza wazee kwa adabu, ndiyo kazi yake.

Kuhusu ukubwa wa spika, mweleze mjomba hesabu hii. Ukiongeza wati za amplifaya maradufu, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo wageni wataitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara 10. Akiba yenu yote ingekwenda kwenye tofauti ndogo ambayo hakuna aliyeiomba. Tena kumbi zetu nyingi ni vigae chini, vioo na aluminiamu pembeni. Sauti inadunda ukutani na kurudi. Humo ukipandisha, maneno yanazidi kupotea. Na mashangazi wale hawakuhama kwa kudeka. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100, ni robo saa. Ninyi mnapiga saa nne au tano, kila Jumamosi, na masikio yenu yapo karibu kuliko ya shangazi.

Sasa mjomba. Naielewa hofu yako, kwa maana katika muziki wa dansi mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, tangu zamani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, baadaye ilikuwa chini ya shirika la DDC. Mwanamuziki wa enzi hizo aliyehama bendi aliondoka na kipaji chake tu, gitaa likabaki kwa mwajiri. Mjomba wako amejinunulia vyombo vyake mwenyewe, na hiyo ni heshima yake kubwa. Usimguse hapo. Mgao wa vyombo apewe kila kazi, wa peke yake, kabla ya kugawana. Kauli ya sauti ya ukumbi ndiyo iwe kitu kingine, apewe mtu aliyekaa upande wa wageni. Bendi zetu za zamani zilikuwa na fundi mitambo kwa sababu hiyo. Aliye jukwaani hawezi kujua huko mbele kunasikikaje.

Mimi mwenyewe nililijua hilo nikiwa nimepiga miaka mingi. Siku moja nilikuwa na homa, nikakaa na wageni nikiisikiliza bendi yangu. Mwimbaji wetu alikuwa na sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusindikiza. Sikusikia neno lake hata moja. Nilikuwa nasikia gitaa langu, likipigwa na aliyenishikia nafasi, kwa kipimo kilekile nilichokuwa nakiweka mimi. Nililia pale kwenye kiti.

Kwa hiyo usimwambie mjomba "punguza". Mwambie, "Mjomba, leo naomba ukanisikilizie bendi, masikio yako ni makali kuliko yetu." Mkishafunga mitambo, ukumbi ukiwa bado mtupu, kijana mwingine ashike solo bila kugusa kitasa cha sauti, na mjomba akae kwenye meza ya mashangazi kwa nyimbo mbili nzima, hadi mwisho. Usiseme kitu.

Halafu tafuta kreti la soda. Naamini amplifaya yake inakaa sakafuni, nyuma ya miguu yake. Hapo inapiga mashavu ya miguu yake. Yeye hajisikii, anapandisha, na mshale wote wa sauti unapita kati ya magoti yake mpaka kwa wageni. Iweke juu ya kreti, iinamishe nyuma iangalie sikio lake. Nimeona wapiga solo wagumu wakipunguza wenyewe kwa dakika moja, kwa kuwa hatimaye wamejisikia. Mkibaki na haja, iwekewe maiki na fundi ndiye aipeleke ukumbini.

Laki nne. Mlifanya kazi mkamaliza, na kamati haina haki ya kuishika yote. Lakini mzee yule ana siku moja tu ya kumwozesha binti huyo, na maneno yake yalikatwa na mitambo yenu. Nenda na mjomba nyumbani kwake mkaombe radhi, na siku hiyo msitaje fedha kabisa. Wiki inayofuata mwone mwenyekiti wa kamati, umwambie mko tayari kuacha laki moja. Nadhani mtalipwa. Na kazi zinazokuja muandikiane: arubuni kiasi gani, salio linatolewa kabla ya wimbo wa kwanza, saa ngapi mnaanza na kumaliza, umeme ni wa nani, bendi inakula wapi, na nani analeta maiki ya MC. Mitambo iwe imejaribiwa kabla mgeni wa kwanza hajaketi. Na nyaya zibandikwe chini, hasa mbele ya jukwaa, kwa sababu watu watakuja kukutunza wakicheza, na mama mwenye gauni refu haangalii chini.

Ile milioni tatu isiende kwenye spika. Nunueni stendi imara, nyaya nzima, maiki mbili nzuri, vizibo vya masikio vya wanamuziki kwa wote saba. Kinachobaki kitoshe kumlipa fundi mitambo kazi kadhaa za mwanzo, mpaka muone kama anawaletea kazi nyingine. Ninaamini ataleta.

Lakini kwanza fundi umeme, wiki hii. Mpaka akwambie vyombo viko salama, imba bila gitaa. Rithimu ataishika mwingine.