Elektroliti za Polima: Yabisi Ambamo Ioni Husafiri

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba chumvi ya mezani ikiwa kavu haipitishi umeme, kwa kuwa kila ioni imefungwa mahali pake katika fuwele. Chumvi hiyo ikitiwa majini, ioni hupata uhuru wa kwenda, na umeme hupita. Kwa sababu hiyo elektroliti za betri kwa muda mrefu zimekuwa vimiminika au uji mzito.

Kimiminika kina kasoro zake. Kile kilichomo katika betri nyingi za lithi, kama zile za simu, hushika moto upesi. Betri ikitoboka au ikipata joto kupita kiasi, moto waweza kuzuka. Je, yaweza kupatikana elektroliti iliyo yabisi, isiyomwagika, na ambayo ioni zaweza kupita ndani yake?

Jibu moja lilianzia Uingereza. Mwaka 1973 Fenton, Parker na Wright walieleza jinsi polima iitwayo polietilini oksidi inavyoungana na chumvi za metali alkali. Mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand alipendekeza michanganyiko ya namna hiyo itumiwe katika betri.

UMBO LA NDANI

Polima ni molekuli ndefu mfano wa mkufu, na pete zake ni vipande vidogo vinavyojirudia. Katika polietilini oksidi kila kipande kina atomi mbili za kaboni, nne za haidrojeni na moja ya oksijeni. Oksijeni huivuta ioni chanya ya lithi, na kwa kawaida ioni moja huzungukwa na atomi 5 au 6 za oksijeni.

Utando mwembamba wa polima hii ukitazamwa kwa hadubini ya nuru iliyopolaishwa, huonekana maumbo ya duara yaliyotanda kutoka kitovuni mfano wa njiti za gurudumu la baiskeli. Hizo ni sehemu za fuwele, ambamo minyororo imekunjwa kwa utaratibu. Baina yake zimo sehemu zisizo na mpango, ambamo minyororo imesukanasukana. Mwaka 1983 Berthier na wenzake walionyesha kwamba ioni husafiri hasa katika sehemu hizo zisizo na mpango. Fuwele huyeyuka karibu na nyuzi 65 za Sentigredi. Ndiyo maana upitishaji umeme katika nyuzi 80 huzidi ule wa joto la chumbani kwa zaidi ya mara mia.

MITIRIRIKO MIWILI

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni mtiririko wa polima nzima iliyoyeyuka. Ili polima itiririke, mnyororo mzima sharti ujipenyeze kati ya minyororo mingine, kama nyoka apitaye kichakani. Kwa minyororo mirefu, mnato huongezeka kwa kipeo cha 3.4 cha uzito wa molekuli: uzito ukiongezwa maradufu, mnato huongezeka mara 10 na zaidi.

La pili ni mwendo wa vipande vya mnyororo. Fikiri kamba ndefu za mashua zilizofungamana. Si rahisi kuichomoa kamba moja nzima, lakini kila sehemu fupi yaweza kutikisika mahali pake. Vivyo hivyo vipande vya polima hutikisika. Na kila vitikisikapo, ioni huachwa na oksijeni hii ikapokewa na ile. Mwendo huo wa vipande hautegemei sana urefu wa mnyororo. Kwa hiyo twaweza kurefusha minyororo mpaka polima isitiririke kwa urahisi, na ioni zikaendelea kusafiri karibu kama awali. Hiyo ndiyo siri ya elektroliti hizi.

Chumvi nayo ina kipimo chake. Ikiongezwa, wabebaji wa umeme huwa wengi. Lakini ioni zikizidi hufunga minyororo kama mafundo, vipande vikakosa wepesi. Upitishaji hupanda, ukafika kilele, kisha hushuka.

MANUFAA NA MIPAKA

Magari ya kukodi ya Autolib' mjini Paris, yaliyotumika tangu 2011 hadi 2018, yalikuwa na betri za polima na metali ya lithi. Betri hizo zilihitaji kutunzwa zikiwa moto ili zifanye kazi. Aidha, metali ya lithi huweza kuota miiba inayotoboa polima laini, na lithi yenyewe huwaka. Aprili 2022 mabasi mawili ya umeme ya Paris yenye betri za jamii hiyo yaliteketea, na mabasi 149 yakaondolewa barabarani kwa muda. Kwa hiyo tusidhani kwamba uyabisi wa elektroliti pekee humaliza hatari. Kazi iliyobaki ni kupata polima iliyo ngumu ya kuizuia miiba, na ambayo vipande vyake ni vyepesi hata katika joto la chumbani.

MASWALI

1. Kwa nini elektroliti ya polietilini oksidi hupitisha umeme vizuri zaidi juu ya nyuzi 65?
2. Uzito wa molekuli ukiongezwa mara tatu, mnato wa polima iliyoyeyuka huongezeka takriban mara ngapi?
3. Eleza kwa nini kuzidisha chumvi hupunguza upitishaji umeme.