Tukitoka Jumuiya, haki za watu atalipa nani?

Mabarazani hapa Mikocheni bado husikika kwamba Tanzania ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja ya kwanza ni ardhi: eti majirani wataichukua. Si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Ya pili ni viwanda vya Kenya kututangulia. Hii ina uzito, ila kujitoa hakujengi kiwanda. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983, na waliokuwa wafanyakazi wake wakadai mafao miaka mingi, wengine wakafa wakidai. Basi anayesema tutoke, atuambie kwanza: haki za watu atazilipa nani? Haki ya mtu ni amana.