Lami ya Msonobari: Mafunzo Niliyopata Ufini

Kwetu Unguja mbao za majahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa, na upande unaozama majini hupakwa shahamu. Ufini, ninakoishi sasa, kazi ya sifa hufanywa na lami ya msonobari. Tofauti kubwa ni harufu: hii inanukia moshi wa kuni, na sijasikia jirani akiilalamikia.

1. Ijue lami yenyewe. Lami ya barabarani hutokana na mafuta ghafi, na kreosoti inayopakwa nguzo za simu hutokana na makaa ya mawe. Kreosoti hiyo ina sumu ya kusababisha saratani, na nyumbani haina nafasi. Lami ya msonobari hutoka kwenye visiki na mizizi iliyojaa utomvu. Zamani Wafini waliiambua misonobari gome ikiwa bado imesimama, wakabakiza ukanda mmoja ili mti usife, wakangoja miaka kadhaa utomvu ujae kwenye mbao. Kisha waliipasua, wakaipanga kwenye shimo lenye umbo la faneli, wakaifunika kwa udongo na kuichoma polepole bila hewa ya kutosha, lami ikichuruzika chini hadi kwenye pipa. Katika karne ya 19 mji wa Oulu ulitajirika kwa mapipa hayo. Meli za matanga za Ulaya zisingefika mbali bila kamba zilizopakwa lami. Mabaharia wa Uingereza waliiita lami ya Stockholm, kwa kuwa hapo awali Ufini ilikuwa chini ya Uswidi, na mwaka 1648 kampuni moja ya huko ilikabidhiwa ukiritimba wa kuiuza.

2. Paka kidogo, ikiwa na joto. Hili ndilo funzo lenye thamani kuliko yote. Lami tupu ni nzito mno kuingia kwenye mbao. Mchanganyiko wa wazee ni theluthi moja lami, theluthi mafuta ya kitani yaliyochemshwa, theluthi tapentaini. Kopo la lami hulipashi motoni; unaliweka ndani ya ndoo ya maji ya moto, mbali na jiko. Chagua siku ya jua, mbao ziwe zimekauka hadi ndani, maana ukipaka mbao mbichi unaufungia unyevu humo humo. Paka, subiri, paka tena pale palipokunywa. Mbao zikikataa, futa kila kilichobaki juu kwa kitambaa. Anayedhani tabaka nene ndiyo kinga bora atakaa majuma na mashua inayonata, imejaa vumbi na mbu waliokufa.

3. Vitambaa vinaweza kuwaka vyenyewe. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Ukivirundika vitambaa vyenye mafuta hayo kwenye kona ya banda, joto halina pa kutokea, na moto huweza kuanza bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

4. Si kila mbao inaifaa. Mashua, mipini ya shoka na jembe, nguzo za uzio, kamba za katani, vigae vya mbao vya paa: hapo haina mpinzani. Kanisa la mbao la Borgund, Norwe, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12, limedumu likipakwa lami tena na tena. Hapo pia pana jambo la kukubali mapema: upande unaopigwa na jua huchoka haraka, na utarudi na brashi yako kabla upande wa kivuli haujadai chochote. Skii za mbao nazo hupakwa chini, kisha hupitishiwa moto mpaka lami iingie.

Benchi la bustani usiliguse. Jua likipamba moto lami hulainika, na suruali ya mgeni haitasafishika. Na ile desturi ya kuziba vidonda vya miti ya matunda kwa lami, wataalamu wa miti wameiacha. Mti hujifunga wenyewe vizuri zaidi.

5. Dawa, kwa kiasi. Wafini wa zamani waliamini kwamba ugonjwa ulioshinda sauna, pombe kali na lami hauna tiba. Mimi naishia kwenye sabuni ya lami ya dukani. Wafugaji huipaka lami yenyewe kwenye kwato za farasi. Paka wa nyumbani asiikaribie kabisa, kwani fenoli zilizomo humdhuru, naye atajilamba tu.

6. Mikono huoshwa kwa mafuta kwanza. Sugua mafuta ya kupikia mpaka lami iachie, futa kwa karatasi, ndipo utumie sabuni. Ukianza na maji, unaisambaza hadi kwenye viwiko.