Ushindi wa Mechi ya Kwanza: Somo kwa Vikundi vya Amani vya Kasongo na Kabambare



Somo la toleo hili linahusu mpira, lakini halikuandikwa kwa ajili ya wachezaji. Limeandikwa kwa ajili ya mashabiki, wale wanaobanana mbele ya televisheni moja inayowashwa kwa jenereta, na wale wanaosikiliza redio chini ya mwembe. Tunalielekeza kwa kamati za amani, viongozi wa vijana, walimu, maimamu, mapadri, wachungaji na akina mama wa vyama vya akiba katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Wa sehemu nyingine wanaweza kulitumia pia, wakibadilisha mifano.

Kwa nini tuzungumzie mechi ya kwanza na si fainali? Kwa sababu siku zinazofuata ushindi wa mechi ya kwanza ni siku za pekee. Hakuna aliyechukua kombe na hakuna aliyetolewa. Kila mtu ana haki ya kutumaini. Jirani ambaye jana hakukusalimu, leo anakuita kwa mbali akuulize kama uliliona lile bao. Mlango umefunguka. Je, utabaki wazi kwa siku ngapi, na nani atapita?

Tarehe 21 Januari 2006

Tuanze na mfano ambao wengi wenye umri wa miaka 30 na zaidi wanaukumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa chini ya serikali ya mpito. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 18 na 19 Desemba 2005, wananchi walikuwa wamepiga kura ya maoni juu ya katiba mpya, na uchaguzi mkuu ulikuwa mbele yao. Kusini mwa Maniema majeraha ya vita yalikuwa bado mabichi. Tangu mwaka 1998 waasi wa RCD walikuwa wameshika miji, na Mai-Mai walikuwa na nguvu vijijini na msituni. Mtu aliyetoka upande mmoja kwenda mwingine kuuza mihogo au mafuta ya mawese aliweza kuitwa mpelelezi na pande zote mbili. Wengi walilala msituni. Serikali ya mpito ilipoanza mwaka 2003, watu walianza kukutana tena katika masoko yale yale, lakini kukutana sokoni si kupatana.

Ndipo Chui wa Congo wakaingia uwanjani huko Kairo kucheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wapinzani walikuwa Togo, timu ya Emmanuel Adebayor, ambayo ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia nchini Ujerumani mwaka huo huo. Chui, chini ya kocha Mfaransa Claude Le Roy, walishinda mabao 2 kwa 0. Trésor Mputu wa TP Mazembe alifunga la kwanza kabla ya mapumziko, na Lomana LuaLua, aliyekuwa akicheza Uingereza, akaongeza la pili.

Baada ya hapo? Sare ya 0 kwa 0 na Angola. Kufungwa 2 kwa 0 na Cameroon. Kisha robo fainali, tarehe 3 Februari, Misri 4, Congo 1. Kutoka shangwe ya kwanza hadi kutolewa zilipita siku 13 tu.

Wazee watasema: hata mwaka 1974 tulianza hivyo hivyo. Ni kweli. Zaire iliifunga Guinea 2 kwa 1 katika mechi ya kwanza, ikafungwa na majirani wa Congo-Brazzaville katika ya pili, na mwishowe ikachukua kombe, Ndaye Mulamba akiwa na mabao 9. Na mwanzoni mwa mwaka 2024, huko Côte d'Ivoire, Chui hawakushinda hata mechi moja ya kundi lao, wakatoka sare zote tatu, na bado wakafika nusu fainali. Kwa hiyo anayetaka kujua mwisho kwa kuangalia mechi ya kwanza anajisumbua. Sisi tunaitazama kwa ajili ya jambo lingine.

"Tumeshinda", "wamefungwa"

Sikilizeni vizuri maneno ya mashabiki. Siku ya ushindi utasikia: tumeshinda, tumewafunga, tunakwenda fainali. Anayesema hivyo hakuugusa mpira hata mara moja, pengine hakula tangu asubuhi, lakini ameshinda. Siku ya kushindwa mtu yule yule anasema: wamefungwa, hawajui kucheza, kocha amewapanga vibaya. Kwa Kiswahili badiliko ni la silabi moja, kutoka "tu" kwenda "wa".

Mtaalamu wa Marekani Robert Cialdini na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka 1976. Walichunguza wanafunzi wa vyuo vikuu na kuona kwamba timu ya chuo ikishinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye alama ya chuo siku ya Jumatatu, na wakieleza mechi walisema "sisi". Timu ikishindwa, "sisi" ilipungua. Si tabia ya Wakongomani peke yao, basi. Ni tabia ya binadamu.

Kwa mjenga amani, "tu" hii ni mali. Katika "tumeshinda" ya mechi ya taifa wamo Mkusu, Mbangubangu, Mzimba na Mtwa, wamo Waislamu na Wakristo, na yumo aliyebeba bunduki pamoja na aliyemkimbia. Watafiti watatu, Emilio Depetris-Chauvin, Ruben Durante na Filipe Campante, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi juu ya nchi nyingi za Afrika. Walilinganisha watu waliohojiwa siku chache kabla ya mechi ya timu yao ya taifa na wale waliohojiwa siku chache baada ya ushindi. Baada ya ushindi watu walipungua kujitambulisha kwanza kwa kabila lao, na waliongezeka kuwaamini watu wa makabila mengine. Waliona pia kwamba nchi zilizofuzu Kombe la Afrika kwa shida, kwa tofauti ndogo sana, zilikuwa na mapigano machache katika miezi sita iliyofuata kuliko nchi zilizokosa kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Hiyo ni habari njema, na tusiidharau. Lakini tusiipake sukari. Furaha ya Januari 2006 haikuzuia milio ya bunduki ya Agosti mwaka ule ule, matokeo ya duru ya kwanza ya uchaguzi yalipotangazwa Kinshasa.

Lubumbashi, Desemba 2010

Mfano wa pili ni mchungu, na ndio kiini cha somo letu. Tarehe 10 Desemba 2010 TP Mazembe walicheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia la klabu huko Abu Dhabi, wakawafunga Pachuca wa Mexico 1 kwa 0. Siku nne baadaye wakawafunga Internacional wa Brazili 2 kwa 0. Klabu ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika fainali hiyo. Furaha ilivuka mipaka ya Katanga, na hata huku Maniema, ambako mashabiki wa Mazembe hawajawahi kukosekana, mtu alitembea kifua mbele.

Tarehe 18 Desemba Inter ya Milano iliwafunga 3 kwa 0. Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Mjini Lubumbashi vijana wenye hasira walishambulia na kupora maduka ya Wachina.

Tusimame hapo kidogo. Mwamuzi ni Mjapani, aliyepigwa ni Mchina. Wachina wale hawakuwa Abu Dhabi wala hawakupuliza filimbi. Kosa lao lilikuwa sura, pamoja na kuwa karibu na kuwa na duka. Furaha ya siku nane ilikuwa imewasha moto mkubwa, na moto ule ulipokosa kombe la kuuchoma ulitafuta kitu kingine. Vinywa vilivyosema "tumeshinda" tarehe 10 havikuweza kusema "tumeshindwa" tarehe 18. Ilibidi pawe na "wao".

Mtu akisema hilo ni jambo la miji mikubwa, akumbuke Butembo, Septemba 2008: mechi ya timu mbili za huko huko, tuhuma za uchawi uwanjani, fujo, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalowaomba mlijadili katika vikundi vyenu, kwa utulivu na bila kutaja jina la mtu yeyote, ni hili: kwetu sisi, Mchina wa Lubumbashi ni nani? Siku tutakapofungwa vibaya, jicho litamtafuta nani? Je, ni mhami aliyefika Kabambare akitokea Fizi? Je, ni mchimbaji mgeni katika dhahabu ya Salamabila? Au ni Mtwa, au mwenye duka, au kijana aliyetoka msituni na kurudisha bunduki? Kikundi kisichoweza kujibu swali hili bado hakijaijua jamii yake.

Mambo ya kufanya kabla ya mechi ya pili

Kati ya mechi ya kwanza na ya pili kwa kawaida kuna siku nne au tano. Ndizo siku za kazi. Mkisubiri mpaka mashindano yaishe mtakuta mlango umekwisha kufungwa, au moto umekwisha kuwaka.

Siku ya kwanza, kutaneni mahali mnapokutana kila siku na acheni watu wasimulie mechi. Msihubiri. Mtu mmoja ahesabu kwa mawe au punje za mahindi kila "tu" na kila "wa". Mwishoni waonyesheni mafungu mawili. Watu watacheka sana. Kisha ulizeni: tukifungwa Jumatano, mafungu haya yatakuwaje? Zoezi hili halihitaji karatasi wala anayejua kusoma.

Halafu choreni chini, kwa kijiti, ramani ya mahali ambapo watu hutazama au husikiliza mpira. Nani ana jenereta? Kiingilio ni kiasi gani? Nani hawezi kuingia? Hapa ndipo mtagundua kwamba ile "tu" kubwa ya taifa ina kuta. Wanawake na wasichana mara nyingi hawapo, hasa mechi ikiwa ya usiku. Wahami hawana pesa ya kiingilio. Vijana wa mtaa mmoja hawaendi kwa mwenye televisheni wa mtaa mwingine. Ikiwezekana, mechi ya pili itazamwe mahali pa wazi ambapo si pa upande wowote, kwa mfano uani pa shule, na mafuta yachangwe na mitaa yote. Kila mtaa ulete chupa yake hata kama ni nusu lita. Aliyechangia mafuta hutunza utulivu wa mahali. Angalieni pia saa za swala na ibada kabla ya kutangaza lolote.

Kisha patana juu ya siku ya kushindwa. Hili ndilo gumu, kwa sababu wakati wa furaha hakuna anayetaka kulisikia, na wengine watasema mnaitakia timu mabaya. Anzeni na wazee wanaoukumbuka mwaka 1974. Amueni nani atasimama na kuongea filimbi ya mwisho ikipulizwa, pombe itauzwa au haitauzwa karibu na mahali pale, na watu watarudi nyumbani kwa njia ipi. Watangazaji wa redio za jamii waalikwe katika mazungumzo haya, maana neno moja la kejeli juu ya kabila la mchezaji aliyekosa penalti linafika mbali kuliko pikipiki.

Jambo moja tunawasihi msilifanye: msiandae "mechi ya amani" kati ya Kasongo na Kabambare, au kati ya wenyeji na wahami, katika wiki hiyo. Tunajua mashirika, hata yetu, hupenda mechi kama hizo, zenye fulana nyeupe na picha nzuri kwa wafadhili. Lakini kuwapanga watu upande huu na upande ule, wakati damu imechemka, ni kuirudisha ile "wa" mliyokuwa mkiipunguza. Isitoshe, timu itakayosafiri zaidi ya kilomita 100 kwa njia zile itafika imechoka na itafungwa. Mkitaka kucheza, gaweni timu kwa kura, waliokuwa mahasimu wavae rangi moja.

Hata hapo msitegemee mengi mno. Nchini Iraq, Salma Mousa aliwachunguza wachezaji Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu. Baadhi walipangwa katika timu pamoja na Waislamu. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu apewe zawadi ya mchezaji mwungwana, na miezi sita baadaye walikuwa tayari zaidi kufanya mazoezi na Waislamu. Lakini kwenda kula katika mkahawa wa mji wa Mosul, wenye Waislamu wengi, hawakuongezeka sana. Uwanja uliwabadilisha uwanjani. Daraja la kutoka uwanjani hadi sokoni linahitaji kazi nyingine: shamba la pamoja, chama cha akiba, kesi ya ardhi iliyosuluhishwa.

Maswali ya kujadiliana

Katika mtaa wenu, ni nani walishangilia pamoja mara ya mwisho Chui waliposhinda, na ni nani hawakualikwa?

Ni jambo gani dogo ambalo jirani wa upande wa pili angekubali kulifanya nanyi wiki ya ushindi, na angelikataa wiki nyingine?

Kama mechi ya pili ni keshokutwa na timu ikafungwa 4 kwa 1, nani atakuwa mlangoni pa yule mliyemtaja kimoyomoyo katika swali la Mchina, na atafika kwa njia gani?