Somo la Buibui: Kumkhofu, Kumuua na Kumfuga

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi kwa hekima yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

MASALA. Zaid, kijana aliyekwisha baleghe, amechimbua shambani buibui mkubwa mwenye manyoya, akamtia katika chombo cha kioo, akamweka chumbani. Mama yake tangu siku hiyo haingii chumba hicho, wala usingizi hapati. Amri, nduguye Zaid, ataka kummiminia mnyama huyo maji ya moto. Zaid naye asema kuwa ni mali yake, na kuwa katika nchi za Ulaya watu huwafuga. Yaulizwa: katika hawa watatu, ni nani aliye katika haki?

JAWABU lake lataka mambo matatu: kumjua mnyama mwenyewe, kisha kuijua khofu, kisha kuijua hukumu. Kwani mwenye kuhukumu asilolijua hudhulumu, hata kama nia yake ni njema.

FASLI YA KWANZA: KATIKA KUMJUA BUIBUI

Buibui si mdudu kama nzi au mende. Mdudu ana miguu sita, na buibui ana minane. Mwili wake ni sehemu mbili, na wengi wao wana macho manane. Wataalamu wa wanyama wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 50,000. Wale wakubwa wenye manyoya, ambao siku hizi huitwa tarantula, hupata aina 1,000 na zaidi.

Baadhi yao ni wenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mmoja alipewa na wataalamu jina la Pterinochilus murinus mwaka 1897, naye yuko Kenya na Tanzania na nchi nyingine kuelekea kusini mwa Afrika. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humtaja kwa majina ya Mombasa na Usambara, ingawa wengi wao miji na milima hiyo hawakupata kuiona. Huyu hakai katikati ya utando kama buibui wa darini. Makao yake ni shimoni au chini ya gogo, naye huyatandika kwa nyuzi nyingi; usiku huja mlangoni akangoja mende au panzi apite.

Buibui wa namna hii hukua kwa kujivua gamba. Siku hiyo mara nyingi hulala chali, miguu juu, hata asiyejua hudhani amekufa akamtupa, naye yu hai. Akiisha kujivua huwa laini, hata panzi aliyewekwa awe chakula chake aweza kumjeruhi yeye. Dume akiisha kukomaa haishi sana; lakini majike wa baadhi ya aina huishi miaka 20 na kupita. Kwa hiyo mwenye kumtia jike chomboni kwa mchezo wa wiki moja huenda amejifunga kwa kazi ya nusu ya umri wake.

FASLI YA PILI: KATIKA KHOFU

Khofu ya maumbile si dhambi wala si upungufu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alipoiona fimbo yake yatikisika kama nyoka, aligeuka akakimbia, khabari hiyo imo katika Sura ya 27 na ya 28. Mola wake hakumkemea, bali alimwita arudi na akampa amani. Basi mwenye kumcheka mtu aliyeogopa hakuifuata adabu ya Qur'ani.

Lakini khofu si ushahidi. Jina lenyewe la tarantula latokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Watu wa huko waliamini zamani kuwa aumwaye na buibui wao hushikwa na wazimu, na dawa yake ni kupigiwa ngoma acheze mpaka aanguke. Buibui waliyemtuhumu ni wa aina nyingine kabisa, na sumu yake kwa mwanadamu ni hafifu. Watu walirithi khofu kwa vizazi, na mnyama akabeba lawama isiyokuwa yake.

Tarantula ana meno na ana sumu. Yule wa Afrika ya Mashariki ni mwepesi wa kuuma akisumbuliwa; umo lake lina maumivu makali na uvimbe, na huweza kuleta mkazo wa misuli. Aliyeumwa na aoshe jeraha, na maumivu yakizidi na aende kwa tabibu. Hata hivyo hakuna khabari iliyothibiti ya mtu aliyekufa kwa sumu ya tarantula. Buibui mweusi mdogo wa jinsi ya Latrodectus, ambaye mtu humpita asimwone, ndiye wa kutahadhari naye zaidi. Basi jicho huogopa ukubwa na manyoya, na hatari haipimwi kwa hayo.

Na Muislamu ana sababu ya kumtazama buibui kwa jicho jingine. Sura ya 29 imeitwa kwa jina lake, na katika aya ya 41 Mwenyezi Mungu amewapigia mfano wa nyumba ya buibui wale wafanyao walinzi wengine badala yake. Udhaifu uliotajwa hapo ni wa nyumba, isiyozuia jua wala mvua wala upepo. Waliolaumiwa ni wenye kutegemea kisichotegemeka, mnyama hakulaumiwa. Tena khabari ya utando uliofunga mlango wa pango la Thaur, katika Hijra ya mwaka 622, imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad. Baadhi ya wanavyuoni wameikubali isnadi yake na wengine wameidhoofisha. Lililo yakini ni lile la Qur'ani, Sura ya 9, aya ya 40: kwamba wawili walikuwa pangoni, na Mwenyezi Mungu akawanusuru.

Hata katika lugha ya pwani, jina la buibui limekuwa jina la vazi la stara, na hakuna alionaye kuwa ni jina baya.

FASLI YA TATU: KATIKA HUKUMU

Kwanza, kumuua. Mtume (s.a.w.) ametaja wanyama watano wenye dhara wauawao hata katika Haram, miongoni mwao nge na panya na mbwa mkali, buibui hakutajwa. Khabari zilizopokewa kuwa buibui ni shetani auawe ni dhaifu, hazijengewi hukumu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema kuwa mnyama asiyedhihiri nafuu yake wala dhara yake ni makuruhu kumuua; na yule mwenye dhara hukingwa kwa kadiri ya dhara yake. Na katika Hadithi sahihi imekuja khabari ya Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe moto. Mola wake akamlaumu: kwa kuumwa na mmoja ameangamiza umma unaomsabihi Mungu. Hili ni onyo kwa kila mwenye kuua kwa hasira.

Pili, kumfuga. Imepokewa kuwa nduguye Anas bin Malik, mtoto mdogo aitwaye Abu Umair, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Kwa hiyo wanavyuoni wamejuzisha kumweka mnyama, kwa sharti ya kumtimizia haki yake. Na sharti hiyo si ndogo, kwani imepokewa pia khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie chakula katika wadudu wa ardhi. Haki ya tarantula ni udongo wa kutosha kuchimba, mahali pa kujificha, maji safi, chakula cha kadiri, na kuachwa bila kushikwashikwa. Akianguka kutoka kimo cha mkono wa mtu, tumbo lake huweza kupasuka akafa. Na wadudu wa kumlisha wasifanywe tamasha, kwani Mtume (s.a.w.) amewalaani wenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo.

Tatu, kumuuza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameandika katika Minhaj kuwa kuuza hasharati hakusihi, kwa kuwa hazina manufaa yatambulikanayo. Wamevuliwa ruba, kwa manufaa ya kufyonza damu. Basi anayetoa fedha nyingi kwa buibui wa kujionyesha na ajiulize amenunua nini. Ziko pia sheria za serikali: mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kutaka kutoa nchini maelfu ya sisimizi. Asiseme mtu kuwa kiumbe kidogo hakina mwenye kukiulizia.

Nne, kutisha watu. Imepokewa na Abu Daud kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe, hata kwa mzaha. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu baki, hali ni ipi kwa mama?

FASLI YA NNE: KATIKA KUWAAMUA WATATU

Mama yuko katika haki. Khofu yake ni udhuru, na nyumba ambayo mzazi haingii chumba chake imeondokewa na baraka.

Amri amekosa. Alitaka kumwondolea mama dhiki, na hilo ni jema; lakini maji ya moto ni adhabu, na Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa moto, na ameamuru wema hata katika kuua. Buibui aliyefungwa kiooni hakumfuata mtu. Yeye ndiye aliyefuatwa.

Zaid amekosa mara mbili: amemtoa mnyama makaoni mwake bila haja, na amemtia mama yake khofu kisha akatetea mnyama kuliko mzazi. Kusema kuwa watu wa Ulaya hufanya si hoja, kwani wako wafugaji huko watimizao haki za mnyama kwa miaka mingi, naye Zaid hakuiga hilo.

Lililo wajibu kwake ni kumrudisha. Amchukue jioni katika chombo chenye kifuniko, asimshike kwa mkono, amfikishe palepale alipomchimbua, amwache kwa upole. Kisha arudi kwa mama yake, amtake radhi, akisafishe chumba mbele ya macho yake hata moyo wake utulie. Na lau buibui huyo angekuwa ametoka nchi ya mbali, isingefaa kumwachia shambani, kwani mgeni huweza kuwadhuru wenyeji; angempa mtu ajuaye kumtunza, bila ya thamani.

Na buibui akiingia nyumbani kwa nafsi yake, afunikwe kwa bakuli pana, ipitishwe karatasi ngumu chini yake, atolewe nje. Kazi hiyo haizidi kitambo cha kufunga kilemba, na yatosha kumwokoa mnyama na kumtuliza mwenye kuogopa, wote wawili kwa pamoja.

Wallahu aalam.